Vunja Jungu Kule Hail

Soko la matunda lilipokuwa bado Mawaleh, nilikuwa nikienda kila mwisho wa Shaabani kununua vitu vya mwezi wa kufunga, na kila mwaka nikijitahidi nisipite upande wa ndizi. Vitunguu, ndimu, viazi, tende, basi, narudi garini. Mwaka mmoja mjukuu wangu Asila, aliyekuwa akisoma chuo kikuu na akikaa nami Al Khoudh, aliniendesha yeye, akaegesha gari ubavuni mwa lori lililokuwa likishusha mikungu ya ndizi za mkono wa tembo, zilizoiva mpaka maganda yamepiga weusi. Nilifungua mlango, harufu ikanijia usoni. Nikakaa pale pale, mguu mmoja nje.

"Bibi, una nini?"

"Jua tu, mwanangu."

Jua lenyewe lilikuwa halijapanda. Asila hakunihoji, lakini njiani, ili kunichangamsha, akanieleza kwamba yeye na wenzake wamekodi nyumba ya mapumziko pwani ya Hail, Ijumaa wakavunje jungu. Walikuwa wameshagawana nani apike nini. Akaniuliza kama kuvunja jungu kwetu ni kama zile sherehe za Wakristo wa nchi za mbali alizoziona kwenye simu, watu wamevaa manyoya na vinyago, wanacheza barabarani na kula mpaka basi kwa kuwa Kwaresma imekaribia na watafunga. Nikamwambia ni jambo hilo hilo, ila sisi hatuvai manyoya. Akacheka, kisha akasema, "Twende na wewe basi. Hail si mbali." Nikamjibu kwamba Ijumaa nimealikwa arusini.

Sikuwa nimealikwa popote. Kwa Asila vunja jungu ni picha za chakula na kucheka na wenzake, na namwombea Mungu abaki nalo hivyo hivyo. Lakini nyinyi wa rika langu, mliozaliwa Unguja mkaletwa huku, nchi ya Kiarabu ya babu zetu, mkiwa wadogo mnashikwa mikono, labda na nyinyi mna chakula ambacho hamwezi kukipita kikinuka.

Kwetu Unguja vunja jungu lilikuwa la Baba. Alikuwa na duka la vitambaa na mwaka mzima hakuwa mtu wa matembezi, lakini zikibaki siku chache mwezi wa Ramadhani uandame, alibadilika. Alfajiri, sisi watoto tumelala, alitoka na rafiki yake, Bwana Seif, kwa motokaa ya Bwana Seif, wakachukua mkeka, jungu kubwa la kupikia pilau, maji na makaa, wakaenda pwani ya Chuini kutushikia mahali penye kivuli chini ya mivinje, kabla watu wengine hawajafika. Mama na wanawake wenzake walibaki nyumbani wakimalizia vyakula, kisha sote tunafuata. Kwa hiyo siku ya vunja jungu nilikuwa nikiamka naona kitanda cha Baba kitupu, nauliza yuko wapi, na Mama ananijibu kutoka jikoni, "Baba'ko keshatangulia." Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa mwanzo wa furaha yangu. Maana yake ilikuwa: vaa upesi, tunangojewa.

Mwaka wa mwisho niliamka nikauliza kama kawaida, nikajibiwa kama kawaida. Nilikuwa sijaanza hata chuo cha Kurani. Mama alikuwa anapika ndizi mbivu za nazi, anatia iliki, na Dada Salma, aliyenipita miaka mitano, alikuwa anafunga mikate kwenye kitambaa. Nje kukasikika mlio kama mbao zinazoangushwa kutoka juu, halafu mwingine. Jirani yetu akaingia mbio bila buibui, kichwa wazi, akamwambia Mama jambo sikioni. Mama akafunga mlango kwa komeo, akatukumbatia mimi na Dada chini ya ngazi. Hakuna aliyerudi jikoni. Nazi ikakauka, ndizi zikashika chini ya sufuria, nyumba nzima ikajaa harufu ya utamu ulioungua. Bunduki sikuzijua, lakini Mama nilimjua. Hakuwa mtu wa kuacha chakula kikaungua. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ramadhani ikaingia tungali tumejifungia. Baadaye tulichukuliwa tukawekwa mahali penye wanawake na watoto wengi, tukalala chini, kisha tukapandishwa meli. Humo melini, siku moja asubuhi, nilimwuliza Mama, "Baba yuko wapi?" Hakunitazama. Alikuwa anasuka nywele zangu, na vidole vyake vikasimama.

"Baba'ko ametangulia, mwanangu."

Leo najua mtu mzima anaposema fulani ametangulia mbele ya haki anakusudia nini. Mama aliyakata maneno ya mwisho, labda kwa kunionea huruma. Mimi nilifurahi. Niligeuka nikamwambia msichana mmoja aliyelala karibu yetu kwamba baba yangu ameshafika huko tunakokwenda na ametushikia mahali.

Matrah tulipokewa na Ami Nassor, ndugu mkubwa wa Baba. Ami alikuwa amekaa Unguja ujanani na Kiswahili alikijua, ila mkewe na watu wote wa nyumba ile walisema Kiarabu, nami sikukijua hata neno. Nilizunguka kila chumba, nikapanda mpaka darini, nikachungulia ghala ya tende. Baba hakuwamo. Basi, nikajiambia, ametangulia mbele zaidi.

Wanawake walikuja siku nyingi mfululizo. Walivaa vizuri, wakaketi ukutani, wakanywa kahawa, na kila aliyeingia alimshika Mama mkono akamwambia maneno yale yale ya Kiarabu. Wengine walinipa tende na kunipapasa kichwa. Nilidhani ni sherehe ya kutukaribisha, na nikaona watu wa huku ni wakarimu sana. Wageni walipokwisha, Mama akawa hatoki. Alikaa chumba kidogo cha nyuma, nguo moja isiyo na rangi, hana wanja, hana udi. Nilimwuliza Dada Salma Mama anafanya nini humo.

"Anakaa eda."

Nikadhani Eda ni jina la chumba kile. Kwa muda mrefu, hata baada ya Mama kutoka, nikitumwa kitu cha huko nyuma nilikuwa nikisema, "Nnakwenda Eda," na hakuna aliyenisahihisha. Dada aliona natania. Mke wa Ami hakunielewa.

Shaabani ya kwanza ya Matrah ilipita bila vunja jungu. Nilimwuliza Mama lini tutakwenda pwani, akasema huku hawavunji jungu. Ya pili nikauliza tena, akasema nimwache, kichwa kinamwuma. Sikumwambia kwa nini nauliza, kwa kuwa nilidhani anajua. Mimi nilimwona Baba kabisa: amekaa mkekani kwenye pwani fulani ya nchi hii, ameweka mawe kwenye pembe za mkeka usipeperuke, anatazama njia. Matrah ni mji uliozungukwa na majabali, na joto likishika mawe hayashikiki. Mchana kama huo nilikuwa nikikosa raha, nikifikiri kama mahali alipopata pana kivuli, na kama maji aliyochukua hayajamwishia. Nilikuwa nikiona Mama ni mkatili kidogo, kumweka mtu kiasi hicho.

Mwaka wa tatu Bwana Seif na mkewe, Bi Raya, walifika Matrah. Walikuwa wamekaa bara, wakahangaika, mpaka wakapata njia ya kuja. Bwana Seif alikuwa akija kwa Ami, anakaa na wanaume barazani, anaondoka. Hakuomba kumwona Mama, na sisi watoto hatukumwona. Bi Raya yeye aliingia ndani siku ile ile ya kwanza, akalia na Mama, na baada ya hapo hakukosekana. Shaabani ilipokaribia kwisha alimwambia Mama mbele yetu:

"Zuwena, mwaka huu tunavunja jungu."

"Nimeshasahau mimi mambo hayo."

"Hujasahau. Watoto hawa wana haki ya kucheka siku moja. Jungu ntaleta mimi."

Mama alinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini akasema, "Mwulize shemegi."

Ami Nassor hakupenda. Alisema hizo ni ada za huko, na hapa watu wataona tunafurahia nini. Ila Bi Raya alikuwa mwanamke wa kusema na mtu kwa upole mpaka mtu huyo achoke, na Ami alikuwa na kiunga chake kidogo cha mitende Hail, karibu na bahari, mbali na macho ya watu. Mwishowe akakubali. "Hakuna ngoma, hakuna nyimbo," alisema. "Na kabla ya magharibi muwe ndani ya lango." Siku zile lango la mji lilikuwa likifungwa, na ngoma ilikuwa jambo la kumtia mtu mashakani.

Asubuhi ya safari Mama alinivisha gauni la Iddi na akanitia wanja. Mkono wa tembo haukupatikana Matrah, akapika vindizi vidogo kwa nazi kavu ya dukani. Tulipanda lori la tende alilolikodi Ami, wanawake na watoto nyuma kwenye magunia, Ami mbele na dereva. Bi Raya alikuwa anahesabu mafurushi. Mama akamwuliza habari ya mkeka na kuni.

"Usijali," alisema Bi Raya. "Keshatangulia navyo tokea jana."

Alikuwa anamsema mumewe. Wanawake wa zama zile hawakumtaja mume kwa jina. Mama alifahamu, Dada alifahamu. Mimi nilisikia neno moja tu, nikashika mdomo.

Njia ilikuwa ya mchanga na mawe, lori likituinua na kutubwaga. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nikipanga nitakayomwambia Baba: kwamba nimeng'oka meno mawili, kwamba nimefika juzuu ya pili, kwamba si mimi niliyemchelewesha.

"Unacheka nini peke yako?" aliuliza Dada Salma.

"Si kitu."

Lori liliposimama kiungani niliruka kabla halijazima. Nilipita katikati ya mitende nikikimbilia mlio wa bahari, kiatu kimoja kikatoka sikukirudia. Mbele yangu, mitende ilipokwisha, mkeka ulikuwa umetandikwa, mawe kwenye pembe zake, na mwanamume wa kanzu nyeupe na kofia amekaa kanipa mgongo, anatazama maji. Nikamrukia kwa nyuma, nikamkumbatia shingo, nikaweka uso wangu mgongoni mwake.

"Baba, tumekuja."

Alinuka tumbaku. Baba hakuwa mvutaji. Nilihisi hivyo kabla hajageuka, lakini bado nilingoja ageuke. Ulikuwa uso wa Bwana Seif, umekonda, ndevu zimeingia mvi.

"Wewe binti wa Hilal," alisema, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kama mtoto.

Nilitazama nyuma ya mitende, nikatazama upande wa mashua zilizovutwa nchi kavu. "Baba yuko wapi? Amekwenda kuchukua maji?"

Mama alikuwa ameshafika, kikapu mkononi. Dada yuko nyuma yake na kiatu changu. Nikauliza tena, "Mama, Baba yuko wapi? Si mlisema katangulia?"

Nakumbuka kikapu kilivyowekwa chini, polepole, kama chenye mayai. Mama alimgeukia Dada. "Salma, mdogo wako hukumwambia?"

"Mimi nilidhani Mama umemwambia. Nilidhani anajua." Dada akanitazama mimi. "Ulikuwa hulii. Nilikuwa nikikuonea choyo, wewe hulii."

Mama akapiga magoti mchangani, akanishika mabega. Hakutafuta maneno mazuri safari hii.

"Baba'ko amekufa. Alikufa Unguja, siku ile ile. Mimi, dada yako, Ami, sote tunajua. Umenisikia? Amekufa."

Nikamwuliza, "Sasa nani alikuwa akitushikia mahali?"

Ami Nassor, aliyekuwa anakuja na jungu begani, alisimama, akarudi nalo kwenye mitende.

Msinifikirie kwamba siku iliishia hapo. Watu walikuwa wamesafiri, watoto wa Bi Raya wana njaa, na kuni zilikwishawashwa. Wali uliiva, nguru akakaangwa, vindizi vikapakuliwa. Nilipewa sahani nikaiweka juu ya magoti. Nililia bila sauti, na hata kilio hicho nilikionea haya, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameshalia chake zamani na mimi peke yangu nililia kwa kuchelewa. Dada alikaa karibu yangu akinifukuzia nzi. Mpaka leo, sote wawili tumeshakuwa mabibi, hatujawahi kulisema jambo lile.

Baada ya chakula wanaume walikuwa wamejitenga kidogo, lakini Mama aliinuka akamwendea Bwana Seif pale alipokaa. Sahani yake ilikuwa haijaguswa.

"Seif," alisema Mama, "miaka mitatu hii wewe hukunijia. Ulikuwa naye. Nambie."

Bwana Seif aliomba asimweleze mbele ya watoto. Mama akasema watoto wameshafichwa ya kutosha. Basi akaeleza, macho chini. Walifika Chuini, wakatandika mkeka. Makaa yalikuwa machache, na yeye akaenda vichakani kutafuta kuni, Baba akabaki kushika mahali. Akasikia gari, akasikia watu wanasema kwa ukali, kisha bunduki. Akajilaza majanini, hakuinuka mpaka jua likawa utosini.

"Uliporudi?"

"Sikumkuta, Bi Zuwena. Mkeka ulikuwepo, na jungu. Yeye hakuwepo."

"Hukumkuta."

"Sikumkuta. Lakini nilisikia bunduki, nikajua. Ndiyo nikapeleka habari mjini kwamba Hilal ameuawa."

Bahari ilikuwa shwari, na nilisikia mafuta yakilia kwenye kikaango alichosahau mtu motoni.

"Kumbe ni wewe uliyepeleka habari," alisema Mama. "Na mimi nimekaa eda kwa maneno yako. Damu uliiona?"

"Nilikuwa na khofu, sikutazama vizuri. Bi Zuwena, mimi nnajua amekufa."

"Unajua, au unadhani?"

Bwana Seif hakujibu. Angalijibu, hata kwa uwongo, angalisema niliiona damu, niliona hivi na hivi, maisha ya Mama yangalikuwa mengine. Lakini alikuwa mtu mkweli na alikuwa amechoka, akainama tu.

Tulirudi Matrah lango halijafungwa. Njia nzima nililala mapajani mwa Dada, na kila nilipofumbua macho nilimwona Mama amekaa wima juu ya magunia, mtandio umeteleza, macho yanang'aa. Usiku wa pili mwezi uliandama. Mimi nilifunga siku ya kwanza nikijua sina baba. Mama aliifunga siku hiyo hiyo akiwa na mume.

Hakuniambia mimi wala mtu yeyote kwa maneno, ila nyumba nzima ilijua. Akaanza kujipaka udi. Ami Nassor alipoleta habari ya mtu mwema wa Seeb, mjane, anayetaka kumwoa, Mama alisema haiwezekani mwanamke mwenye mume kuolewa. Ami akamwuliza ana wazimu, eda si amekaa. Mama akasema eda ile haikuwa ya mtu aliyekufa. Walipandishiana sauti, na kwa mara ya kwanza nilielewa kila neno la Kiarabu lililosemwa katika nyumba ile, nikatamani nisingelielewa. Bwana Seif hakuja tena kwa Ami. Bi Raya aliacha kuleta jungu.

Kisha ukaja ule mwaka alipoingia mtawala mpya, nchi ikafunguka. Lango likawa halifungwi, watu wakatembea usiku bila kulazimishwa kushika taa, redio zikasikika madirishani, na watu wetu wakaanza kurudi, kutoka Unguja, kutoka bara, kutoka kila walikotawanyika. Mnaukumbuka nyote. Watu walikumbatiana njiani, wakalia kwa furaha. Mimi naukumbuka kwa mkono wa Mama ulivyonishika kwa nguvu pale bandarini, meli zilipoingia. Tulikwenda kila mara. Alikuwa akiwasogelea watu wanaoshuka, anawaamkia Kiswahili, anawauliza kama wamemwona Hilal wa duka la vitambaa, mrefu, ana kovu kidevuni. Wengi walisema hapana. Wengine walimjua, wakanitazama mimi kwanza, na mimi nikitikisa kichwa kidogo wasiseme.

Siku moja, Shaabani tena, Mama alimshika mzee mmoja aliyeshuka na begi la turubai. Mzee alikuwa amechoka na safari. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwona alivyo, na nadhani alitaka kumfanyia wema.

"Watu wengi wako hai kule, mama," alisema. "Wengine walifungwa, wengine wamejificha mashamba. Usikate tamaa. Huenda meli ijayo."

Nilimchukia mzee yule, na bado sijaweza kumsamehe, ingawa sikumjua jina na lazima ameshakufa. Mama alimshukuru, akamwombea dua. Tukashika njia ya nyumbani kupitia sokoni, yeye mbele, mwepesi kama msichana. Mimi nilikuwa nimeamua kumwambia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeshaota akili, na nilijua hakuna mwengine nyumbani kwetu aliyebaki na ujasiri wa kulisema tena neno lile mbele yake. Nikalitayarisha mdomoni kuanzia duka la Banyani mpaka kona ya msikiti.

Pale konani Mama akapunguza mwendo, akaniuliza nionavyo mimi, Baba akija atapenda tukae Matrah penyewe, au tumtafutie nyumba Ruwi, ambako watu sasa wanajenga.

Nilimtazama uso wake. Nikamjibu kwamba Matrah kuna makelele mengi, Ruwi itamfaa zaidi.

"Hata mimi naona hivyo," alisema Mama, na tukaendelea na njia.